Shusha Ngoma

Jumatatu, 3 Februari

Kwa Fundi wa Sauti,

Bwana asifiwe. Hatufahamiani. Habari zako nimepewa na mpiga gitaa mmoja aliyewahi kurekodi kwako. Alisema wewe si mtu wa kuzipaka ngoma rangi, unaziacha na sura yao. Neno hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana tulirekodi ibada ya sifa ukumbini kwetu, laivu, watu wakiwa wamejaa. Kila maiki ilirekodiwa peke yake. Mpwa wangu, ambaye ndiye mtu wa mitambo, amezipanga zote ndani ya diski utakayoikuta kwenye bahasha hii. Nimeifunga kwa kitambaa isije ikavunjika njiani.

Naomba mambo mawili. La kwanza, ngoma zibaki za kweli, usituwekee za kompyuta. La pili, uzishushe. Ziwe chini ya sauti za watu, chini kabisa, kama mtu anayetembea chumba cha pili.

Tuwasiliane kwa barua, tafadhali. Siku hizi simu siiwezi.

Mama Radi,
Mwalimu wa kwaya


Jumatano, 12 Februari

Mwalimu,

Diski imefika salama, na kitambaa kimefika salama. Dada yangu mshonaji amekitamani, nimemwambia akome. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya duka lake, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Nikitaka kusikiliza kwa makini nagonga ukuta, cherehani zote zinasimama, naye anapaza sauti, "Nyamazeni, bwana mkubwa anasikiliza!" Hiyo ndiyo studio yenyewe, usije ukadhani umetuma kazi kwenye ghorofa.

Sasa kazi. Huyo mpiga ngoma wenu ni nani? Nimesikiliza nyimbo zote bila kugusa kitu. Ana mkono mzito pale panapotaka uzito, halafu kati ya pigo na pigo anaweka vigongo, mapigo madogo mepesi mno. Msikilizaji hatavitambua, lakini ukiviondoa atauliza mbona wimbo umekauka. Ngoma za namna hii hazitaki ujanja mwingi. Naanza na zile maiki mbili zilizoning'inia juu yake, ambazo zinasikia seti nzima kama sikio la mtu aliyesimama hapo. Kisha naongeza ngoma ya mguu kidogo, na snea kidogo, ile ngoma ndogo kali ya katikati, mpaka nasahau kwamba kuna maiki. Sauti za waimbaji zimevujia humo tele. Wengine wangezikata. Mimi naziacha, maana ukizikata, ngoma inakuwa kama imepigwa ndani ya kabati.

Lakini kuzishusha unavyotaka, hapana. Nimejaribu. Wimbo unalegea kama suruali isiyo na mkanda. Najua walimu wa kwaya na wapiga ngoma ni paka na panya, ila huyu mwache apige.

Yapo mawili ya kukuuliza. Kuna kitu kinalia, tk, tk-tk, kama skrubu iliyolegea kwenye stendi ya matoazi. Nakifuta kila ninapokikuta, lakini kinaniudhi. Na kwenye wimbo wa saba, maiki za ukumbi hazikurekodi chochote. Naomba mtu aingie ukumbini ukiwa mtupu, apige kofi moja kubwa, alirekodi hata kwa simu. Kwa kofi hilo nitajua ukumbi wenu unajibu vipi, na nitaurudisha mwangwi wake pale ulipokosekana.

Nipe pia anwani ya mpiga ngoma, nizungumze naye kifundi.

Fundi


Alhamisi, 20 Februari

Fundi,

Suruali yako imenichekesha, na ni muda sijacheka. Lakini ombi langu ni lile lile. Shusha ngoma.

Si kwamba sizipendi. Mpiga ngoma ni mwanangu, kitinda mimba. Jina la Radi walimpa wanakwaya tangu alipokuwa anapiga sufuria zangu kwa mwiko. Kwa sasa hayuko nyumbani, anafanya kazi kwenye ghala la vigae, mji mwingine. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Hatakujibu. Mimi mwenyewe hanijibu.

Hicho kinacholia sikijui. Je, kinalia Radi anapopiga kwa nguvu? Niangalizie kwa uhakika. Kinalia akipiga tu, au hata asipopiga?

Kofi nitakutumia.

Mama Radi


Alhamisi, 27 Februari

Radi,

Hunijui. Mimi ndiye fundi niliyepewa kazi ya kuchanganya sauti za ile ibada mliyorekodi. Nimekusikiliza kutwa kucha, sasa naujua mkono wako kuliko sura yako.

Wimbo wa tano, ubeti wa tatu, uliacha kupiga kabisa ukawaachia watu waimbe wenyewe. Nikadhani umepotea. Kumbe unangoja. Uliporudi na ngoma ya mguu peke yake, nywele zilinisimama. Nani alikufundisha kungoja namna ile?

Niambie pia ngozi ya snea uliiwekea nini, maana haivumi ovyo. Na kuna stendi inalia, ni ipi? Mama yako anataka nikushushe mpaka usisikike. Nakutetea, lakini na wewe nisaidie.

Fundi


Jumapili, 9 Machi

Fundi,

Juu ya snea niliweka pochi yangu. Hakuna stendi iliyolegea, nilizikaza zote mwenyewe.

Kungoja alinifundisha baba.

Mama yuko sawa. Mimi nakuomba zaidi ya alivyoomba yeye: futa ngoma zote. Weka za kompyuta. Na usiniandikie tena.

Aliyekuwa mpiga ngoma


Jumanne, 11 Machi

Fundi,

Kofi hilo, nimelipiga mwenyewe. Liko kwenye kidiski kidogo ndani ya bahasha.

Swali langu hujalijibu.

Mama Radi


Jumanne, 18 Machi

Mwalimu,

Kofi nimelipokea na nimelisikiliza kupita kiasi. Niwie radhi kwa ninachotaka kusema. Hili kofi halikupigwa kwenye ukumbi ule.

Ukumbi wenu una bati tupu, hauna dari. Kila snea inapolia, juu panarudi kitu chembamba, kama mtu anayerudia neno la mwisho kwa kunong'ona. Kofi lako limepigwa chini ya dari ya mbao, sakafu ni ngumu, na sijui kwa nini nahisi kuna meza nyingi. Pengine ulibanwa na kazi ukapiga mahali pa karibu. Hilo halina ubaya, ungeniambia tu.

Ila kijana wako naye ameandika. Anataka nifute ngoma zake zote. Mama anasema zishushwe, mtoto anasema zifutwe, na kofi limetoka chumba kingine. Kuhusu swali lako, sina jibu. Nilikuwa nafuta tu kile kilio, sikujali kama ngoma inapigwa au haipigwi. Nilidhani ni uchafu.

Ungenipigia simu hata mara moja, nadhani ningekwisha kujua kuna jambo. Mimi watu nawasikia sauti kabla sijawasikia maneno. Nimesimamisha kazi. Kwenye ukumbi ule kuna nini?

Fundi


Jumatano, 26 Machi

Fundi,

Hakuna kitu. Hakuna ukumbi.

Kofi nililipiga kwenye bwalo la shule ninakofundisha, watoto wakiwa madarasani. Ulipoandika "mtu aingie ukumbini ukiwa mtupu", nilikaa na barua yako mkononi hadi maji ya chai yakaisha kwenye sufuria na sufuria ikaanza kuungua.

Jumamosi iliyofuata baada ya kurekodi, mume wangu na Radi walikwenda kufanya mazoezi, wawili tu. Mume wangu ndiye aliyekuwa mpiga kinanda, yule unayemsikia kushoto kwa ngoma. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Paa lilishuka lote upande wa mbele. Radi walimtoa na mkono uliovunjika. Baba yake walimfikia asubuhi ya pili.

Jirani mmoja alikuwa anapita barabarani. Anasema alisikia ngoma zikipigwa kwa nguvu kuliko siku zote, halafu paa. Maneno hayo yalitosha. Ikawa ngoma ndizo zilizotikisa kenchi, zile mbao zinazobeba bati, hadi zikaachia. Hakuna aliyemwambia Radi usoni. Walimwambia kwa kuhama benchi akikaa. Msibani walimpa mkono huku wanatazama pembeni. Naye hakujitetea hata kwa neno moja. Mkono ulipopona, akafunga begi.

Na mimi, Fundi? Mimi pia niliwaza walichowaza. Nilikuwa napika, anaingia kuchukua maji ya kunywa, najikuta naitazama mikono yake. Aliniona nikiitazama.

Sikukwambia kwa sababu nilitaka mtu asiyejua lolote azisikilize ngoma zile, nione atasema nini. Na kuna sababu nyingine, ya kijinga. Ulikuwa unaniandikia "ukumbi wenu unajibu". Kwako wewe peke yako ukumbi ulikuwa bado umesimama.

Sasa niambie. Kinalia lini?

Mama Radi


Ijumaa, 4 Aprili

Radi,

Uliniambia nisikuandikie. Soma hii, kisha uichane.

Mama yako amenieleza. Sijui nikupe pole ya namna gani, kwa hiyo nakuambia nilichosikia.

Nimeirudia diski yote, safari hii nikikitafuta kile nilichokuwa nafuta. Kati ya wimbo wa nne na wa tano kuna sala ndefu. Mikono yako imetulia, najua hivyo kwa sababu kwenye maiki ya snea nasikia pumzi zako tu. Na paa linalia. Kwenye maiki zote za juu linalia, linaacha, linalia, na hakuna ngoma hata moja inayopigwa. Nikagonga ukuta, cherehani zikanyamaza, nikasikiliza tena. Kisha nikatoka nikaenda kusimama dukani katikati ya magauni ya watu. Dada akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia sijaona, nimesikia.

Si hilo tu. Kwenye maiki ya ngoma ile ya chini, iliyo karibu na kinanda, kuna sauti yako, ndogo sana: "Baba, paa linalia."

Naye anakujibu: "Bati linapoa tu. Funga macho, tunasali."

Mama yako ananiuliza kinalia lini. La kwanza nitamjibu, ni haki yake na ni haki yako. Hili la pili halijui. Niseme, au ninyamaze?

Fundi


Jumapili, 13 Aprili

Fundi,

Nyamaza.

Nakueleza ili usidhani ni kiburi. Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jengo. Mchungaji alitaka ukumbi ufungwe, kenchi zikaguliwe. Baba akasimama mbele ya watu, akasema paa litavuka mvua hizi, tutengeneze kiangazi. Watu walimwamini kwa sababu hakuwahi kuwadanganya. Hata siku ile hakudanganya, ndivyo alivyoamini. Sasa wakiyasikia maneno yale ya kwenye maiki, watamkumbuka kwa hayo tu. Kinanda chote alichowapigia harusini na misibani kitakwisha.

Mama anakwenda kaburini kila Jumapili, anaongea naye. Unataka aende akamwambie nini?

Mimi nikibebeshwa, nina mabega. Waache waseme ni ngoma.

Na kuna jambo ambalo maiki zako hazina. Jumamosi ile nililisikia tena. Halikuwa tk, ilikuwa kama kuni mbichi inapasuka taratibu. Sikumwambia. Alishanijibu siku ya kurekodi, na sikutaka anione mwoga mara ya pili. Nikapiga kwa nguvu zaidi, ili nisilisikie. Jirani hasemi uongo, Fundi. Nilipiga kwa nguvu kuliko siku zote.

Huku ghalani vigae vikipangwa vinagongana. Wenzangu wameshazoea kuniona nashtuka. Mmoja ananiuliza nadaiwa na nani.

Ukimwambia mama, umenimaliza.

Radi


Jumatatu, 21 Aprili

Mwalimu,

Kinalia hata asipopiga. Nimekukatia kipande cha ile sala ndefu, kabla ya wimbo wa tano, kiko mwanzoni mwa diski hii. Vaa visikilizio, kaa mahali patulivu. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, ni mchungaji anasali na paa linalia juu yake. Kenchi zile zilikuwa zimekwisha kabla mwanao hajashika vijiti Jumamosi ile. Mpe kila anayetaka kusikia.

Kwenye maiki za ngoma hakuna kingine cha kukusumbua.

Nyimbo nimezimaliza. Ngoma sikuzishusha, nisamehe. Nimeziweka alipokuwa amekaa mwenyewe, nyuma kidogo, na kinanda karibu yake. Wimbo wa saba sikuhitaji kofi. Mwangwi wa ukumbi nimeupata kwenye pigo moja la snea mwishoni mwa wimbo wa sita, pale kila mtu aliponyamaza. Ni ukumbi wenu wenyewe. Ukisikiliza utaujua.

Fundi


Jumatatu, 5 Mei

Fundi,

Nimeisikiliza sala. Nilikuwa nimesimama, nikakaa chini sakafuni. Kwa hilo sina neno la kukushukuru, nitalitafuta.

Lakini umeandika "hakuna kingine cha kukusumbua". Mimi nafundisha watoto. Mtoto ambaye hakuvunja dirisha haniambii kwamba hakupita karibu na dirisha. Mpwa wangu ana nakala ya maiki zote. Nikamwambia anifungulie za ngoma, moja moja. Alitaka kubaki, nikamtuma sabuni.

Nimemsikia.

"Funga macho, tunasali." Ndivyo alivyokuwa anamwambia Radi mezani, Radi akiwa mdogo na mkono uko tayari kwenye sahani. Sauti ile ile, na kicheko kimejificha chini yake. Nilimrudisha mara nyingi. Mungu anisamehe, sikuwa natafuta ushahidi, nilitaka tu aseme tena. Kisha nikaelewa ninachosikia. Kila nikimrudisha, anamwambia mwanangu akae chini ya paa lile. Nikazima. Baadaye, nikiwa nakunja nguo chumbani, nikamsikia tena, na mashine imezimwa. Bado namsikia. Sasa naogopa kuifunga milango ya nyumba yangu.

Sikulaumu. Najua ni nani aliyekuomba unifiche, na najua kwa nini.

Jumapili ijayo tuna mkutano wa waumini baada ya ibada, kwenye turubai tunakosalia siku hizi. Nitakwenda na spika.

Mama Radi


Jumatatu, 19 Mei

Mama,

Shangazi amenipigia simu analia. Anasema umemwanika kaka yake mbele ya watu.

Nimembeba baba tangu siku ile. Nilikuwa nimezoea. Umemshusha mbele ya watu waliokuwa wanamwita mzee wetu, kwa spika! Nani alikuomba? Mimi nilikuomba?

Mkono wangu haukuweza kushika hata koleo la kumfukia. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kumzika kwangu. Sasa sina hata hicho.

Radi


Ijumaa, 30 Mei

Mwanangu,

Barua yako ni ya kwanza tangu uondoke. Ina hasira, lakini ni mwandiko wako, nimeilaza mezani karibu na sahani yangu.

Shangazi yako aliondoka kabla ya mwisho, kwa hiyo hajui yote. Acha nikusimulie.

Nilianza na sala tupu. Nikawaambia, "Sikilizeni, halafu mniambie ngoma iko wapi." Wakasikiliza. Yule jirani alikuwepo, akainamisha kichwa. Mzee wa kamati, yule mrefu mwenye kofia, akasema, "Mama Radi, yatosha, tumeelewa. Zima." Ningezima, wewe ungesafika na baba yako angebaki kama alivyokuwa. Nilikuwa na kidole kwenye kitufe. Nikawaza, huyu mtoto atarudi nyumbani akiwa amebeba siri tumboni, atakaa nayo mezani kwangu mpaka nife. Nikasema, "Bado." Nikaiachia sauti ya baba yako.

Turubai tu ndilo lililokuwa linapigwa na upepo.

Kisha yule mzee akavua kofia. Akasema, "Si yeye peke yake. Kamati tulikuwa wengi. Na ninyi mlikuwa mnakaa humo kila wiki. Sote tulilisikia likilia, tukaongeza sauti." Mama mmoja wa sauti ya pili akaanza kulia, akasema alikuwa akihamisha watoto wake upande wa mlangoni kila Jumapili bila kumwambia mtu. Akafuata mwingine, na mwingine. Radi, mkutano ule haukuwa wa baba yako tena.

Ulitaka kunilinda nisije nikamwona ana kosa. Mimi nimeishi na yule bwana tangu hujazaliwa. Nilikuwa naujua ubishi wake kuliko daktari anavyojua maradhi. Nilipokuwa nakwenda kaburini kuzungumza na mtu asiye na doa, nilikuwa naogopa, sikumjua ni nani. Jumapili ile baada ya mkutano nilikwenda nikamgombeza. Nilimgombeza kwa sauti, mchimba makaburi akasogea mbali. Halafu nikakaa naye mpaka jua likapungua. Sauti yake nyumbani naisikia bado, lakini sasa namjibu.

Kuna langu pia. Niliitazama mikono yako. Uliniona. Nisamehe, mwanangu.

Chumba chako nimekifagia. Sisemi urudi. Nakuambia tu kimefagiwa.

Mama yako


Jumapili, 29 Juni

Fundi,

Natumaini dada na cherehani zake hawajambo. Nilikuwa na hasira na wewe, kisha nikakumbuka kwamba wewe ulinyamaza kama nilivyokuomba. Mama ndiye aliyesikia mpaka ulichonyamazia.

Nimerudi nyumbani. Siku ya pili tu nilimwambia lile ambalo maiki hazina, kuhusu ile Jumamosi, na kwa nini nilipiga kwa nguvu. Alikuwa anachambua mchele. Hakusimama. Akasema, "Ungemwambia, angekujibu vile vile." Nikamuuliza ana hakika. Akachambua, akachambua, akasema, "Hapana." Ndivyo tulivyoliacha. Linakaa nasi. Kuna siku nalisikia nikinawa uso, ile kuni mbichi, naacha maji yatiririke mpaka lipite. Shangazi bado haji kwetu.

Kazi yako nimeisikiliza, nikiwa peke yangu, mlango wazi. Hukunishusha. Nilisikia vile vigongo vyangu vidogo, ambavyo nilidhani ni mimi na baba tu tuliovijua. Kwenye wimbo wa saba nilifumba macho, nikaujua ukumbi, mpaka pale penye dirisha lililokuwa halifungiki. Sijui ulifanyaje. Sitausikiliza mara kwa mara, lakini nimefurahi upo.

Kwaya wameazima seti ya ngoma, si nzuri, ngoma ya mguu inavuma kama pipa. Wiki zote hizi imekaa imefunikwa shuka na hakuna aliyeigusa. Leo kabla ya ibada yule mzee wa kamati aliifunua mwenyewe, akapangusa kiti, akaondoka. Nikaenda nikakaa.

Mama alikuwa mbele, mikono juu, tayari kuanzisha. Nami nikatazama juu. Ni turubai tu, kamba, na mwanga unaopenya penye vitundu. Likianguka litatufunika kama shuka. Najua. Nilitazama hata hivyo, kamba moja moja, na kwaya yote inanisubiri. Mama hakuniharakisha. Alishusha mikono, naye akainua uso akatazama juu, na waimbaji nyuma yake wakatazama, na watu kwenye viti wakatazama. Tulikaa hivyo, nyuso zote juu, kimya, tunasikiliza.

Halafu nikapiga.

Radi